Madirisha ya Daraja la Tatu

Machi 18

Mwalimu Tahiri wa Kiswahili ametuambia kila mwanafunzi wa kidato cha tatu aandike shajara mpaka muhula uishe. Amesema tusiandike ya kupendeza, tuandike yaliyotokea. Basi leo yametokea haya: mvua ya kwanza ya masika imenyesha baada ya mapumziko. Kiranja akafunga madirisha ya upande wa baharini ili madaftari yasilowe, halafu akafunga na mlango. Nilitoka nikasimama barazani nikalowa mabega yote mawili. Queen, ninayekaa naye dawati moja, aliniuliza kama nyumbani kwetu maji ya kuoga yamekatika.

Machi 19

Mvua. Nimekaa karibu na mlango.

Machi 22

Mama amepiga simu kutoka Moshi. Amelala hospitalini tangu Januari, si kwa kuugua yeye, bali kwa kumuuguza Baba. Figo za Baba zimechoka na damu yake inasafishwa kwa mashine. Mimi nimebaki Tanga kwa Shangazi Lea, dada yake Baba, ambaye anapikia watoto wa chekechea ya kanisa. Tunaishi nyuma ya nyumba kubwa za zamani za Raskazone, katika vyumba viwili vilivyokuwa vya watumishi.

Mama alisema, "Baba yako anataka uje shule ikifungwa. Pasi ya reli ya familia imetoka na jina lako limo. Utapanda Korogwe utashukia Moshi. Shangazi atakata tiketi yake akusindikize."

Nikasema, "Ndiyo, Mama," nikamrudishia Shangazi simu, nikaenda kukaa nje.

Lazima niandike sababu, kwa kuwa tumeambiwa tuandike yaliyotokea. Siwezi kukaa mahali palipofungwa. Sikumbuki ilianza lini. Naoga mlango ukiwa wazi kidogo, nimeuzuia kwa ndoo, na Shangazi hupita akisema siku moja wageni wa kanisa watanikuta. Kwenye basi nakaa dirishani na uso wangu unapigwa na upepo mpaka tunafika. Treni nimepanda mara moja tu. Nilikuwa na miaka minane. Baba alinipandisha kwenye behewa pale stesheni ya Korogwe nione viti, halafu mtu akafunga mlango. Wananiambia nilimkwaruza Baba shingoni mpaka damu ikatoka, na treni ilikuwa imesimama.

Baba ni mnyapara wa genge la reli. Kazi yake ni kuhakikisha mataruma yanayobeba reli hayajaoza, mitaro haijaziba na reli haijapinda, ili watu wengine wasafiri salama.

Shangazi alitoka akakaa karibu nami. "Mtoto wa reli anaogopa treni," alisema. "Nikimwambia mtu atadhani namtania."

Machi 25

Leo tulikuwa maabara, na mvua ilikuwa kubwa, madirisha yote yamefungwa. Nilinyoosha mkono kuomba ruhusa kabla hatujaanza. Mwalimu Sabra wa Biolojia alinifuata nje.

"Jenifa, hii ni mara ya ngapi?"

"Mara nyingi, Mwalimu."

"Tumbo?"

"Hapana. Ni mlango."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alifuta miwani yake kwa ncha ya mtandio akaniuliza mikono inafanyaje, moyo unafanyaje, naona nini. Nikamweleza kwamba kwanza vidole vinakufa ganzi, halafu hewa inakuwa kama imetumika na watu wengine ikaisha, halafu najua kabisa kwamba nitakufa, ingawa akili yangu inaniambia siwezi kufa darasani.

Alisema hofu hiyo ina jina lake refu la kitabibu, lakini jina halitanisaidia kupanda treni. Alichora mlima kwenye kiganja chake kwa kidole. "Inapanda hivi. Wewe ukifika hapa katikati unakimbia, kwa hiyo mwili wako haujawahi kujua kwamba ikifika juu inashuka yenyewe. Kila ukikimbia unaufundisha kukimbia. Tutaufundisha kusubiri."

Sijawahi kumpenda Mwalimu Sabra. Nilimwona mkavu. Leo nimeona nilikosea.

Machi 29

Mvua mpaka jioni. Ijumaa Kuu. Shangazi amelia kanisani.

Aprili 2

Tumeanza. Nyuma ya maabara kuna stoo ya chupa na mifupa ya plastiki. Mwalimu Sabra aliniingiza, akauacha mlango wazi kwa upana wa kiatu, yeye akakaa nje anasahihisha. Nilikuwa naona viatu vyake. Hofu ilipanda. Nilisubiri. Nilipotoka nilikuwa nimelowa jasho, lakini nilitoka nikitembea.

Aprili 5

Baba mwenyewe amepiga simu. Sauti yake imekuwa nyembamba, lakini mzaha wake ni uleule.

"Nasikia unajifungia na mifupa."

"Ya plastiki, Baba."

"Hata mimi sasa nimebaki mifupa, basi utanizoea."

Nilimwambia naogopa nitashindwa njiani. Akasema nikizidiwa nifumbe macho nitaje stesheni, kwa sababu mtu anayejua alipo hajafungiwa, anasafiri. Akanitajia, nikazirudia: Korogwe, Mombo, Mkomazi, Buiko, Hedaru, Makanya, Same, Lembeni, Kahe, Moshi. Alinirudisha Buiko mara mbili kwa kuwa niliiruka.

"Na Mombo yupo Fanueli," alisema. "Ndiye anayeliangalia genge langu sasa. Ukipita mpungie mkono."

Halafu muuguzi alimwambia akate simu.

Aprili 10

Sikukuu ya Idi. Mama Sele, jirani yetu, ametuletea pilau na kachumbari. Shangazi amesema huyu mama akipika hata Walutheri wanafunga saumu.

Aprili 16

Leo mlango ulifungwa kabisa, bila ufunguo. Nilifumba macho nikataja stesheni. Nilifika Hedaru hofu ikaanza kushuka. Sikuamini. Nilikaa palepale ndani ya stoo nikaisikiliza inashuka, kama mtu anayesikiliza mvua inapokatika juu ya bati.

Aprili 17

Queen amejua. Aliniona nikitoka stoo akauliza kama nimepewa adhabu. Nikamweleza, nikijua kesho shule nzima itaniita jina jipya. Alifikiri kidogo akasema, "Kwa hiyo baba yako ni wa reli na wewe huwezi kupanda treni. Ni kama mimi, mama anauza chapati na mimi zinanipa kiungulia."

Aprili 18

Hakumwambia mtu.

Aprili 24

Queen ameomba aingie nami. Mwalimu Sabra akaufunga mlango kwa ufunguo. Tulikaa juu ya makasha, kelele za mvua zilikuwa kubwa, na Queen alisimulia filamu yote aliyoiangalia Jumapili, akisahau majina akiwaita wote "yule jamaa." Hofu ilipanda, ikashuka. Mwalimu alipofungua tulikuwa bado tunacheka. Alitutazama akasema, "Mwezi mmoja zaidi, Jenifa, na utafika Moshi."

Nimeandika maneno yake hapa ili niyaone.

Aprili 27

Leo ni Jumamosi. Nitaandika polepole.

Shangazi amekuwa akinitazama wiki nzima. Haamini mambo ya stoo. Anasema mwalimu anazunguka ugonjwa badala ya kuutoa. Kwake yeye hofu ni baridi iliyoingia kifuani ikakaa, na baridi hutolewa kwa jasho. Mafua hujifukizia, homa hujifukizia, na nilipokuwa mdogo pumu yangu ilitulia kwa mafusho. Asubuhi Mama Sele alileta majani ya mkaratusi na mchaichai kutoka kwa dada yake wa Mwera, Shangazi akaongeza mwarobaini, wakachemsha sufuria kubwa ya kupikia uji wa chekechea.

"Mara moja tu kabla ya safari," Shangazi alisema. "Nimesha­mwambia kaka nitakufikisha mzima."

Ningeweza kukataa. Sikukataa. Nilifikiri: hili nalo ni stoo, tena yenye joto. Nilifikiri nikiweza hili naweza behewa lolote. Nilitaka pia Shangazi aone kwamba nimepona kwa njia yangu. Kwa hiyo nilikaa kwenye kigoda, sufuria mbele ya magoti, wakanifunika blanketi la Baba, lile zito la kijivu alilopewa kazini.

Giza lilikuja kwanza. Halafu mvuke ukaingia puani na mdomoni kwa pamoja, na nilipovuta hewa nilivuta maji ya moto. Nikaanza Korogwe. Nikataja Mombo. Sauti ya Mama Sele ilikuwa mbali, inasema, "Vuta, mwanangu, vuta ndani." Nikasema nataka kupumua kidogo. Shangazi akasema, "Bado. Usitoke mpaka nikwambie." Nilinyanyua pindo la blanketi kwa mkono likagoma. Nikavuta upande mwingine. Shangazi alikuwa amelikalia pindo, ili mvuke usipotee.

Baada ya hapo sikumbuki stesheni yoyote. Nakumbuka miguu yangu ikipiga. Nakumbuka mlio wa sufuria. Nilipoona mwanga nilikuwa uani, nimelala kwenye tope, na mvua inaninyeshea usoni na ninaipokea kama chakula.

Maji yote yalikuwa yamemwagikia mguu wa Shangazi. Ngozi ya juu ya wayo ilikuwa imejikunja. Alikuwa ameshika ukuta, uso wake umekuwa wa rangi ya majivu, na neno la kwanza alilosema lilikuwa, "Mtoto ameungua?"

"Hajaungua," Mama Sele alisema. "Wewe ndiye uliyeungua, Lea. Kaa chini."

"Mtazame vizuri. Mtazame magoti."

Siku zote nilizokaa naye nimefikiri kwamba ananivumilia tu.

Aprili 28

Shangazi amelazwa hospitali ya mkoa. Wodi ya wanawake imejaa na mvua inavuja pembeni. Nilifika mlangoni pa wodi nikashindwa kuingia, kwa kuwa muuguzi alikuwa anaufunga kila mtu akipita. Nilimpungia mkono kupitia kioo. Alinipungia.

Aprili 30

Stoo. Mlango wazi kwa upana wa kiatu. Nimekimbia.

Mei 2

Nimekimbia. Mwalimu Sabra amesema si kosa langu, mwili umekumbushwa njia yake ya zamani. Tutaanza mwanzo. Hakutaja tena miezi.

Mei 3

Mvua.

Mei 4

Mvua. Queen alisimulia filamu barazani. Sikusikia.

Mei 6

Mama amepiga. Hakusalimia. "Jeni, usisubiri shule ifungwe. Njoo na treni ya keshokutwa."

"Shangazi hawezi kutembea, Mama."

"Najua. Njoo peke yako. Mwanangu, ningekuwa na njia nyingine ningekwambia. Nauli ya basi hapa hakuna, kila kitu kimekwenda kwenye dawa. Pasi ipo, na Korogwe wameshapewa jina lako."

"Baba anasemaje?"

"Jana ameuliza kama umeshapita Same."

Mei 8, Mombo

Naandika nikiwa nyumbani kwa Fanueli. Mke wake amenipa taa na shuka kavu. Nitaandika yote.

Mama Sele alinisindikiza mpaka Korogwe. Hakuwa na sababu ya kuja ila majani yale, na hakuyataja njia nzima. Treni iliyotakiwa kufika alfajiri ilifika saa nne asubuhi. Mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka kidogo, na nilimshukuru Mungu, kwa sababu jua likiwaka madirisha ya daraja la tatu hushushwa yote na upepo hupita behewa zima. Mama Sele alinipa ndimu mbili za kunusa. Alipanda nami, akanitafutia dirisha, akamwambia mama mmoja aliyekaa mbele yangu na mtoto mchanga, "Dada, nakukabidhi huyu. Ni binti yetu. Anapenda hewa."

Yule mama akacheka. "Hewa ya bure, nani asiyeipenda."

Treni ikaondoka. Naandika kwa ukweli: nilikuwa na furaha. Nilitoa uso nje. Niliona kokoto mpya kando ya reli, na mitaro iliyofukuliwa, na nikajua kwamba mikono ya Baba imepita hapo miaka mingi. Nilifikiri nitamwambia nimeiona. Mkonge ulikuwa umeoshwa na mvua, mistari yake inafunguka na kujifunga tunapopita.

Tulipoacha Korogwe nyuma, wingu likatushukia kutoka milimani. Mvua ilianza mara moja, ya upande. Nyuma yangu mtu akapandisha dirisha lake, likalia kaa. Halafu mwingine. Kaa. Kaa. Sauti ile ilikuwa inanijia, dirisha moja baada ya jingine, mpaka likabaki langu peke yake wazi katika behewa zima, na maji yanaingia.

"Binti, funga," mzee mmoja alisema. "Tunalowa."

Nilijifanya sikusikia.

Yule mama akaniinamia. Hakuwa na hasira. "Mdogo wangu, huyu mtoto ana kifua. Ndiko ninakompeleka, hospitali. Nisaidie."

Mtoto alikuwa amefunikwa kanga, na matone yalikuwa yamemfikia kwenye paji la uso. Ningesema nini? Nilishika kishikio nikashindwa kukivuta. Yule mama alinyoosha mkono wake akakipandisha. Kaa. Kioo kikaingia ukungu wa pumzi za watu na nje pakatoweka.

Nilitaja Mombo. Nilinusa ndimu. Nilichora mlima kwenye kiganja. Niliondoka kitini nikaenda mwisho wa behewa kwenye mlango, nikamkuta mkaguzi wa tiketi amesimama.

"Kaka, naomba unifungulie kidogo."

"Treni ikitembea mlango haufunguliwi."

"Kidogo tu. Nishike mkono."

Alinitazama vizuri. "Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi simama hapa nami. Mombo karibu, nitafungua." Aliniwekea kiganja mgongoni, na nilihesabu mapigo ya reli chini ya miguu badala ya pumzi zangu. Alikuwa mtu mwema. Wote walikuwa watu wema. Sina wa kumlaumu katika behewa lile.

Mombo mlango ulifunguliwa. Nilishuka ili nivute hewa tu. Naapa ilikuwa hewa tu. Nilisimama kwenye mvua, nikaipokea usoni, vidole vikarudi, nikageuka kupanda.

Mguu haukunyanyuka.

Niliutazama. Nilijiambia Moshi. Nilijiambia Baba. Ngazi ilikuwa mbele yangu, chuma chenye matundu, maji yanapita katikati yake, na ndani ya mlango palikuwa na giza lenye harufu ya nguo mbichi. Nikasikia blanketi kichwani tena. Mkaguzi alisema, "Binti, panda." Akasema tena. Alitazama upande wa injini, akanipa mkono, na mimi nikarudi nyuma hatua.

Filimbi ikapigwa. Dirisha langu likashushwa, dirisha lilelile, na yule mama akatoa mfuko wangu nje kwa mikono miwili, mtoto ameegeshwa kifuani. "Mdogo wangu, shika," alisema. "Shika mzigo wako." Nikaupokea. Alikuwa ananitazama kama anayetaka kuniuliza kitu, lakini behewa lilikuwa linatembea. Halafu akalifunga.

Treni nyingine ni mpaka Ijumaa.

Fanueli alinikuta nimekaa juu ya mfuko. Ni mtu mrefu mwenye koti la mvua la njano, na alinitambua kabla sijasema jina. "Una paji la baba yako, Hosea," alisema. "Mbona umeshukia kwangu?" Nilipomweleza alitoa simu akampigia Mama.

Nilimsikia Mama akilia kwa sekunde chache, halafu akajizuia, halafu akamwekea Baba simu sikioni.

"Uko wapi?" Baba aliuliza.

"Mombo, Baba."

"Mombo." Alipumua. "Mvua ipo?"

"Ipo."

"Mitaro wamezibua?"

Nikamuuliza Fanueli. Akajibu kwa sauti kubwa, "Mwambie yote, mpaka ile ya kwenye kona."

"Imezibuliwa, Baba. Mpaka ya kwenye kona."

"Haya." Nilianza kuomba msamaha akanikatiza. "Sikiliza. Genge langu linaanzia Korogwe linaishia Mombo. Wewe umeipita reli yangu yote. Baada ya hapo ni reli ya watu wengine."

"Baba, kesho nitakuja na basi. Fanueli amesema atanipeleka, nitakaa mlangoni."

"Njoo," alisema. "Njoo na chochote."

Fanueli amekwenda kuulizia basi la asubuhi. Nauli atatoa yeye. Mfuko wangu uko tayari karibu na mlango, na mlango uko wazi. Mke wake amesema mbu watatumaliza, lakini hakuufunga.

Mei 9

Baba amefariki alfajiri, kabla ya basi.

Mei 11

Wamempitisha leo tukaenda kumzika kwa babu, kwenye shamba lililo chini ya milima ya Amani, Muheza.

Gari lilikuwa basi dogo, Kosta, lililotolewa na watu wa kazini kwake. Lilisimama Mombo barabarani kutuchukua mimi na Fanueli. Viti vya katikati vilikuwa vimeng'olewa, na jeneza lilikuwa hapo sakafuni, limefunikwa kitambaa cheupe ambacho shangazi zangu wa Moshi walikishona usiku. Baba mdogo Timotheo alikuwa mbele na dereva. Mama alikuwa amekaa upande wa kulia, kilemba kimelowa. Watu wote walikuwa wamelowa. Niliangalia nikaona kwamba madirisha yote ya gari yako wazi.

"Imetunyeshea tangu Hedaru," Baba mdogo alisema. "Mama yako amekataza tusifunge. Amesema tukifunga hutapanda."

Nilisimama pale mlangoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, na ningestahili yote. Mama alipapasa kiti kilicho ubavuni kwake. "Njoo. Nimekuwekea dirishani."

Nikapanda. Nilikuwa naona jeneza miguuni mwangu, refu kama yeye. Misumari ilikuwa imepigwa tayari. Nilijaribu kutofikiri kuhusu ndani yake, nikafikiri.

Mpaka Korogwe hapakuwa na mvua. Mama alinishika mkono, akaniuliza kama nimekula, nikasema nimekula. Nilimuuliza kama Baba alisema kitu baada ya simu. Alisema, "Alilala. Kabla hajalala alisema umepita vizuri." Sikujua kama ni kweli au amenipa tu. Sikuuliza tena.

Tulipokaribia Mnyusi ikaanza. Iliingia upande wetu. Watu waliinamisha vichwa wakavuta kanga, lakini hakuna aliyegusa dirisha lake, hata dereva. Maji yalinipiga shavuni, na nilikuwa salama, napumua. Halafu nikaona yanapita mbele yangu na kuangukia kitambaa. Kitambaa kilianza kushikana na mbao. Rangi ya mbao ilijitokeza chini yake, kwanza mahali padogo, upande wa kichwa, halafu pakapanuka.

Nikashika dirisha nikalivuta.

"Jeni, acha," Mama alisema. "Acha tu, mwanangu."

"Baba analowa, Mama."

Lilikuwa gumu. Nililivuta kwa mikono miwili mpaka likafunga. Watu walisubiri kidogo kuona, halafu nyuma yangu mwingine akafunga lake, na mwingine. Kaa. Kaa. Kaa. Kioo kikaingia ukungu. Hofu ilipanda. Vidole vilikufa, hewa ikawa ya watu wengine, na safari hii hapakuwa na stesheni ya kutaja kuelekea kwa mtu. Nilizitaja tu, zilizobaki. Nilifuta maji kwenye kitambaa kwa upindo wa sketi yangu ya shule. Niliendelea kufuta hata palipokuwa pamekauka. Ilifika juu kabisa, mahali ambapo sijawahi kufika, na hakukuwa na kitu kule, ni mimi tu na jeneza na Mama.

Muheza walifungua mlango ili watu washuke kununua maji. Sikushuka.

Mei 30

Kesho tunakusanya shajara. Mwalimu Tahiri amesema asiyetaka isomwe akunje kurasa hizo. Sijakunja.

Shangazi anatembea kwa fimbo. Nimemwambia kwamba si mguu wake ulionichelewesha kwa Baba. Amesema anajua, na jioni nimemkuta jikoni ameikalia ile sufuria imegeuzwa, hafanyi kitu. Siku hizi mlango wa chumba chetu anauacha wazi usiku kucha na fimbo yake ameilaza mkononi kwa ajili ya wezi. Anasema joto limezidi.

Mwalimu Sabra ameniuliza lini tutarudi stoo. Nilimweleza kuhusu Kosta. Nilidhani nimepona, lakini Jumatatu kiranja alifunga mlango wa darasa kwa sababu ya vumbi nikajikuta barazani. Mwalimu amesema si ajabu. Nimemwambia nitakuja wiki hii. Kesho ni siku ya mwisho ya wiki na sijaenda.

Masika yamekwisha. Madirisha ya darasa yako wazi yote, hata ya upande wa baharini, na bado nakaa karibu na mlango.

Mama amerudi na vitu vya Baba kwenye mfuko wa plastiki wa rambo. Ndani yake kuna pasi ya reli, ina jina langu, na inatumika mpaka Desemba. Ameniuliza aitupe au aiweke.

Nimemwambia aiweke.